Majibu ya Shangazi: Vitabu vya watoto wa darasa la tano, la sita na la saba

Barua za safari hii karibu zote zimekuja na umri mmoja: miaka 9, 10, 11, 12. Sikushangaa. Miaka 26 niliyofanya kazi ya ukutubi shuleni, walionipa mawazo hawakuwa wadogo wanaojifunza kuunganisha silabi. Walikuwa hawa kaka na dada zao, wanaojua kusoma vizuri kabisa, na ambao siku moja wanarudisha kitabu na hawaazimi kingine. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake nimeziona nyingine nyingi.

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu ana miaka 10, yuko darasa la tano. Alipokuwa mdogo alikuwa halali bila kusomewa, na alipojua kusoma mwenyewe akawa anasoma hata maandishi ya kwenye maboksi. Tangu mwaka jana ameacha. Nimemtafutia vitabu 6, nimevichagua mwenyewe, vyote vina mafunzo mazuri: kutii wazazi, kutosema uongo, bidii ya masomo. Akimaliza sura namwuliza amejifunza nini, ili nijue kama ameelewa. Majuzi akanijibu, "Mama, mimi kusoma sipendi." Niliumia. Nimpe kitabu gani?* – Mama wa binti wa darasa la tano

Marahaba, mwanangu. Vitabu nitakutajia, tena kwa majina. Ila kwanza tuliangalie hilo swali unalomwuliza kila sura, maana nami nililiuliza kwa miaka mingi na ninajua lilichoniharibia.

Mwaka mmoja niliweka daftari kwenye meza ya kuazimia. Kila mwanafunzi wa madarasa ya juu, kabla hajapewa kitabu kipya, ajaze mistari mitatu: mtunzi ni nani, wahusika wakuu ni akina nani, kitabu kinatufundisha nini. Muhula haujafika mwisho, daftari lilikuwa limejaa jibu moja: "Kinatufundisha tusiwe wavivu." Kitabu cha mabaharia, tusiwe wavivu. Kitabu cha nyota na sayari, tusiwe wavivu. Watoto walikuwa wananakiliana. Na mvulana mmoja wa darasa la sita alikaa na kitabu wiki 7. Nilipomfuata kukidai alinieleza polepole, bila ujeuri wowote: kitabu alikimaliza siku ya pili na amekipenda sana, lakini akikirudisha itabidi akiandikie funzo, na yeye hataki kukiandikia funzo. Daftari nililiondoa siku ile ile.

Mtoto mdogo ukimwuliza amejifunza nini, anaona mnacheza. Mtoto wa miaka 10 anasikia mtihani. Ametoka shuleni ambako kutwa amejibu maswali ya ufahamu, na sasa kitabu cha kitandani nacho kimegeuka ufahamu. Ukitaka kujua kama ameelewa, kisome na wewe, kisha mzungumze kama watu wawili waliotoka safari moja. "Yule mwanamume wa kwenye treni mimi tangu mwanzo sikumwamini. Wewe ulimshtukia lini?" Hapo atakueleza hata usiyomwuliza.

Jambo la pili ni vitabu vyenyewe. Umri wa binti yako ni mgumu kwa sababu vitabu vya picha amekwisha kuvipita na riwaya za watu wazima bado hazijamfikia. Anachokitafuta, hata kama hawezi kukisema, ni mtu wa rika lake aliyeachiwa jambo zito mikononi. Mimi nilikuwa na kipimo kimoja nilipochagua vitabu vya rafu ile: nilifungua kurasa za mwisho nikaangalia ni nani anayelifungua fundo. Kama ni mjomba au mwalimu mkuu au polisi anayetokea dakika ya mwisho, anarekebisha kila kitu, kisha anawakalisha watoto chini na kuwapa nasaha ukurasa mzima, nilikirudisha kwa aliyekileta. Watoto wa darasa la tano wanaziruka nasaha hizo kama unavyoruka dimbwi.

Anza na *Emil and the Detectives* cha Erich Kästner, Mjerumani, kilichotoka mwaka 1929 na kutafsiriwa kwa lugha nyingi mno. Emil anasafiri peke yake kwa treni kwenda Berlin. Mama yake, ambaye riziki yake ni kutengeneza nywele za watu, amempa marki 140, sehemu kubwa ampelekee bibi yake. Kwa kuogopa kuzipoteza, Emil anaibana bahasha ndani ya koti lake kwa pini. Anasinzia. Anapoamka fedha hazipo, na abiria mwenye kofia ya mviringo aliyekuwa amekaa naye hayupo. Kwa nini haendi polisi? Kwa sababu kwao aliwahi kuipaka rangi sanamu ya mkubwa mmoja, akaichorea masharubu na pua nyekundu, na anaamini akifika polisi watamfunga yeye. Hilo mtoto wa miaka 10 analielewa bila kuelezwa. Kutoka hapo watoto wa Berlin ndio wanaoshika kazi: wanagawana zamu, mmoja analinda simu, wengine wanamfuata mwizi mtaa kwa mtaa. Pini ile inafanya kazi gani mwishoni sitasema, kwa sababu nataka na wewe ukisome.

Cha pili ni chembamba, na wembamba wake ni dawa kwa mtoto aliyechoka: *Chike and the River* cha Chinua Achebe, cha mwaka 1966. Chike ana miaka 11. Anatoka kijijini kwenda kukaa na mjomba wake mjini Onitsha, kando ya mto Niger, na tangu afike ana hamu moja tu: kupanda feri avuke hadi Asaba, ng'ambo ya pili. Nauli ni peni 6 kwenda na peni 6 kurudi. Basi ni hilo, shilingi moja ya kitoto, na Achebe amelitendea haki kama ni jambo la mfalme. Nimewaona watoto wakibishana kwa sauti kama njia alizotumia Chike kuipata ile nauli zilikuwa halali. Hakuna aliyewauliza kitabu kinafundisha nini.

Na kwa kuwa ni binti, nakuongezea *Journey to Jo'burg* cha Beverley Naidoo. Naledi ana miaka 13, mdogo wake Tiro ana 9. Mdogo wao wa mwisho, Dineo, ni mgonjwa sana, na mama yao yuko Johannesburg anafanya kazi za ndani kwa Wazungu, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao. Naledi anaamua wamfuate, kwa miguu. Kitabu kilichapishwa mwaka 1985 na kikapigwa marufuku Afrika Kusini hadi mwaka 1991. Hilo mwambie. Mtoto akisikia kuwa serikali nzima iliogopa kitabu cha kurasa chache cha watoto, atataka kujua kuna nini ndani.

Namna ya kumpa: usimkabidhi kwa hotuba. Msomee mwenyewe kwa sauti sura za mwanzo za Emil, hata kama ni mkubwa. Hasa kwa sababu ni mkubwa, maana wengi wetu huacha kuwasomea watoto siku ile ile wanapojua kusoma, na wao huona wamenyang'anywa kitu. Fika pale Emil anapoamka na kupeleka mkono mfukoni. Funga kitabu, kiache kitandani, kalale. Na asipokifungua, msigombane. Jaribu kingine wiki ijayo. Mtu mzima akichoka na kitabu anakiweka chini, na mtoto ana haki hiyo hiyo.

*Shangazi, vitabu unavyovisifu vingi vimeandikwa kwa lugha za wengine. Wanangu wako darasa la sita na la saba, nataka wakipende Kiswahili. Kuna nini cha umri wao zaidi ya hadithi za sungura na fisi?* – Baba wa wawili

Kipo, na kimekaa rafuni miaka mingi kinasubiri mtu wa kukisoma kwa sauti. *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1952. Wengi wetu tulikutana nacho kama kitabu cha mtihani, ndiyo maana hatukumbuki jinsi kinavyotisha. Ikibali ametumwa na mfalme Rai wa Ughaibuni kwa Adili, liwali wa Janibu, kudai kodi. Adili anajulikana kwa haki na upole. Usiku mgeni hapati usingizi, anachungulia, na anamwona mwenyeji wake huyo mpole anawapiga mijeledi manyani wawili, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Kwa nini mtu mwema awapige wanyama kila usiku, na kwa nini analia anapowapiga? Nilipofika hapo mbele ya darasa la sita nikasema tutaendelea kesho, watoto walinifuata hadi mlangoni.

Usiwaachie peke yao siku ya kwanza. Sentensi za Shaaban Robert zimeumbwa kwa ajili ya mdomo, zina mizani ya mashairi hata zinapokuwa nathari, na mtoto anayezisoma kimyakimya anajikwaa kwenye maneno ya zamani. Akizisikia kwa sauti ya baba yake, neno asilolijua linapita na maana yake inabaki. *Kusadikika*, cha mwaka 1951, kiweke kwa yule wa darasa la saba. Ile nchi inayoelea angani itamvuta, ila hotuba za mle barazani ni ndefu na mdogo wake atachoka.

Kuna na tafsiri za zamani. *Elisi katika Nchi ya Ajabu* ilitoka mwaka 1940, ikitoka kwenye kitabu cha Lewis Carroll, na katika michoro yake Elisi ni msichana wa Kiafrika. *Kisiwa chenye Hazina*, ambacho ni *Treasure Island* cha Robert Louis Stevenson, ndicho ningekimbilia kwa mtoto asiyetulia. Stevenson alikianza mwaka 1881, siku za mvua, kwa ramani ya kisiwa aliyoichora pamoja na mtoto wa mkewe. Hadithi ilikuja baada ya ramani. Wape wanao karatasi wachore chao kabla hamjafungua ukurasa wa kwanza. Na pale Jim, mvulana anayesimulia hadithi hiyo, anapoingia ndani ya pipa la matofaa na kusikia mabaharia wakipanga uasi, somea gizani, kwa tochi.

Neno moja la mwisho kwako. Kitabu kizuri kikiwa hakina tafsiri, na wewe lugha yake unaijua, kishike mkononi uwasimulie kwa Kiswahili ukurasa baada ya ukurasa. Mimi nilikisimulia hivyo kitabu kizima chenye sura 22, sura moja kila Ijumaa. Utasita, utatafuta neno, mtoto atakupa neno. Hakuna somo la lugha nililowahi kuliona likifanya kazi kama hapo mtoto anapokusahihisha.

*Shangazi, mwanangu wa kiume ana miaka 12. Hadithi hataki kuzisikia. Anasoma vijitabu vya mashine, ramani na mambo ya ndege tu. Nimtoe vipi huko?* – Mzazi mwenye wasiwasi

Usimtoe. Huko ndiko anakosoma.

Mtoto anayejua kulinganisha mchoro na maelezo yaliyo chini yake anasoma kazi ngumu kuliko wewe na mimi tunavyosoma riwaya. Kosa ni kumnyang'anya atlasi ili umpe "kitabu cha kweli". Lakini kama ungependa aonje na masimulizi, mpe kitabu cha William Kamkwamba wa Malawi, *The Boy Who Harnessed the Wind*. Kilitoka mwaka 2009, na mwaka 2015 likatoka toleo la wasomaji wadogo; ndilo umtafutie. William aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002. Akawa anakwenda maktaba, na huko akakuta kitabu cha nishati chenye picha ya vinu vya upepo kwenye jalada. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo alianza na michoro, kisha akayasaka maneno yanayoieleza. Alitengeneza kinu kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na dinamo, akakisimamisha juu ya mnara wa miti ya mkaratusi, na taa ikawaka.

Mwanao atakisoma kwa ajili ya dinamo. Njaa, baba aliyekosa ada, rafiki waliocheka, yote hayo yatamfikia njiani. Na akikuomba waya na balbu kabla hajamaliza sura, mpe, mradi uwe naye.

*Mwalimu mwenzangu, mimi nafundisha darasa la tano. Tumesoma hadithi ambayo mhusika mpendwa anafariki. Msichana mmoja alilia hadi akatolewa nje, na jioni mzazi wake akaja kulalamika kuwa tunawatia watoto simanzi. Mwalimu mkuu anataka vitabu vya huzuni viondolewe. Niviondoe?* – Mwalimu

Mwalimu mwenzangu, usiviondoe. Nakuambia haya kama mtu aliyewahi kuviondoa.

Kile kitabu cha sura 22 nilichokitaja hapo juu ni *Charlotte's Web* cha E. B. White, cha mwaka 1952. Kinaanza asubuhi, mtoto Fern anauliza baba yake anakwenda wapi na shoka, na anaambiwa amezaliwa nguruwe dhaifu. Fern anamng'ang'ania baba hadi nguruwe yule, Wilbur, anaachwa hai. Baadaye anayemwokoa ni buibui, Charlotte, kwa kufuma maneno ya sifa kwenye utando wake. Na Charlotte anakufa. Anakufa peke yake, kwenye uwanja wa maonyesho, watu wamekwisha kuondoka. Ijumaa ile darasa lilikuwa kimya, kisha mtoto mmoja aliyekuwa amefiwa na bibi yake miezi michache nyuma akaanza kulia, na mimi nikaingiwa na hofu. Sura iliyobaki sikuisimulia. Kitabu nikakifungia kabatini. Niliamini nimemhurumia.

Wiki mbili baadaye mtoto yule yule alikuja mezani akauliza, "Watoto wa Charlotte walizaliwa?" Nikatambua nilichomfanyia. Nilikuwa nimemwacha uwanjani, kwenye kifo, nikaondoka na ufunguo. Sura niliyomnyima ndiyo ambayo mayai 514 yanaanguliwa, karibu buibui wote wadogo wanachukuliwa na upepo, na watatu wanabaki mlangoni kwa Wilbur. Tulikaa chini nikamsomea yeye peke yake. Alilia tena, kidogo, akaniuliza majina ya wale watatu, akarudi darasani.

Kwa hiyo kwa mzazi aliyelalamika, usijitetee. Mwambie ni sura gani inafuata, umpe kitabu aende nacho nyumbani, asome na binti yake hadi mwisho. Kinachomtia mtoto simanzi ya kukaa nayo ni huzuni iliyokatishwa katikati.

Lakini simaanishi kila kitabu cha huzuni ni cha kila mtoto. Shajara ya Anne Frank, kwa mfano, huwa nawaambia walimu waisubirishe hadi miaka 12 au 13. Anne alipewa daftari lile siku alipotimiza miaka 13, tarehe 12 Juni 1942, wiki chache kabla ya familia yake kujificha Amsterdam kwa kuwaogopa Wanazi. Shajara inakatika Agosti 1944, kwa sababu walikamatwa, na Anne alifia kambini mwaka uliofuata. Hakuna sura ya mwisho inayofariji. Baba yake, aliyerudi peke yake, ndiye aliyeitoa ichapishwe mwaka 1947. Mtoto akiisoma, mtu mzima awe amekwisha kuisoma na awe tayari kukaa naye akimaliza, hata kama ni saa nne za usiku.

*Nitajuaje kama kitabu ni kigumu kwa mtoto kabla hajakianza?* – Msomaji

Kipimo cha vidole: afungue ukurasa wowote wa katikati, akunje kidole kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ukurasa haujaisha, mkisome pamoja kwanza. Ila akikililia, mpe hata kama vidole vimekwisha kwenye mistari mitatu. Hamu ina nguvu kuliko msamiati, na nimeiona ikiwavusha watoto kwenye vitabu nilivyoamini haviwezekani.

*Shangazi, nimekuta katika kitabu cha zamani cha watoto maneno ya kuwadharau Waafrika. Binti yangu amekipenda sana kitabu hicho. Nimnyang'anye?* – Mama wa watatu

Inategemea dharau imekaa wapi. Chukua vitabu vya Pippi Longstocking vya Astrid Lindgren, Mswidi. Hadithi hizo alianza kumsimulia binti yake aliyekuwa mgonjwa kitandani mwaka 1941, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1945. Pippi ana miaka 9, anaishi peke yake na farasi na tumbili, ana nguvu za kumnyanyua farasi huyo, na hakuna mtu mzima anayeweza kumwamrisha. Wasichana wengi wamejiona wakubwa zaidi baada ya kukutana naye. Ila ndani yake baba yake alikuwa akiitwa mfalme wa watu weusi kwa neno la dharau. Toleo jipya la Kiswidi la mwaka 2015 lilimbadilisha akawa mfalme wa Bahari ya Kusini. Hapo dharau ni doa kwenye nguo nzuri: tafuta toleo jipya, au fikeni pale pamoja mseme wazi kuwa neno hili ni tusi, na mtunzi alikosea kulitumia. Watoto wa umri huu wana hisia kali mno za haki, wataelewa haraka kuliko tunavyodhani.

Lakini kuna vitabu ambavyo dharau ndiyo uti wa mgongo wake, ambavyo mtu kama binti yako yumo humo ili tu abebe mizigo au aogope. Hivyo mimi siviweki kwenye rafu ya darasa la tano, hata viwe na sifa gani. Atakutana navyo akiwa mkubwa, akiwa na nguvu za kubishana navyo. Kwa sasa ana umri wa kujitafuta ndani ya kila kitabu anachofungua.

*Shangazi shikamoo. Mimi nina miaka 11. Nimesoma Treasure Island mara nne. Mwalimu amesema niache nisome vingine, na kaka ananicheka. Lakini kila nikianza kingine namkumbuka Long John Silver, yule maharamia, narudi. Je, ni vibaya?* – Msomaji wa darasa la sita

Marahaba, mjukuu wangu. Asante kwa kuniandikia mwenyewe, na mwandiko wako unasomeka vizuri.

Si vibaya hata kidogo. Mwalimu wako anataka uonje vingi, na hilo ni jema, kwa hiyo mwambie utaazima kingine wiki hii na ukiazime kweli. Mjaribu Emil, niliyemweleza kwenye barua ya kwanza, maana naye anakutana na mwanamume mchangamfu asiyejulikana ni mtu wa namna gani. Lakini Silver usimwache. Nadhani najua kwa nini unarudi kwake: bado hujajua kama anampenda Jim au anamtumia.

Basi mara ya tano fanya hivi. Kata vipande vidogo vya karatasi vya rangi mbili. Kila Silver anapomtendea Jim wema, weka kipande cha rangi moja kwenye ukurasa huo. Kila anapodanganya mtu yeyote, weka cha rangi ya pili. Kuna kurasa zitakazopata vyote viwili, usishangae. Ukimaliza, kitazame kitabu kwa ubavuni, uhesabu, kisha uniandikie umeamuaje. Mimi nimekwisha kuamua, tangu zamani, lakini sitakuambia kabla barua yako haijafika.